Miaka Miwili Chini ya Paa la Banda Linalovuja

Banda letu la gari liko Kitangiri. Upande mmoja limeegemea ukuta wa nyumba, na upande wa pili ukuta wake mfupi umekaa juu ya jabali, kama ilivyo kwa majengo mengi ya Mwanza yaliyojibana katika nafasi iliyoachwa na mawe. Lina urefu wa mita 6 na upana wa mita 4, na limeezekwa kwa mabati ya migongo midogo yanayoshuka kutoka ukuta wa nyumba kuelekea jabali. Kusema yanashuka ni kuyaheshimu, kwa kuwa nilipokuja kupima nilikuta tofauti ya kimo kati ya ncha ya juu na ncha ya chini ni sentimita 20 tu katika upana wote wa mita 4. Mtu akisimama barabarani angedhani paa hilo limelala.

Ndani ya banda hukaa pikapu yetu kuukuu, na pembeni yake magunia ya dagaa ya mke wangu, ambaye hununua mzigo kwa wavuvi na kuupeleka Shinyanga. Gari likidondokewa na maji halilalamiki sana. Dagaa wakilowa, hata kwa usiku mmoja, nyumba nzima hujua, na baada ya siku mbili jirani naye hujua. Ndiyo maana naweza kueleza kwa uhakika ni lini paa lilianza kuvuja: ilikuwa katika mvua zile zilizoanza mwishoni mwa mwaka 2019 na kuendelea hadi masika ya 2020, ambazo zililipandisha ziwa hadi kimo ambacho kufikia Mei mwaka huo hakikuwa kimewahi kurekodiwa. Watu wa ufukweni walihama nyumba zao, kwa hiyo sikuona sababu ya kulia kwa ajili ya magunia mawili. Nilitafuta ndoo nikaiweka palipodondoka.

Kosa langu la kwanza lilikuwa hiyo ndoo. Kwa miaka miwili nilishughulika na mahali maji yanapotua, na kila fundi niliyemwita nilimwonyesha ndoo.

Fundi wa kwanza alizungushia zege jepesi la saruji na mchanga pale bati linapokutana na ukuta wa nyumba, kisha akapaka silikoni juu ya vichwa vya misumari. Ilikuwa silikoni ya bei ndogo, yenye harufu kali ya siki wakati inapokauka. Sikujua kwamba harufu hiyo ni asidi inayotoka ndani yake, na kwamba asidi hiyo hula zinki inayolinda bati lisishike kutu. Kwa kazi ya mabati hutakiwa silikoni isiyotoa harufu hiyo. Kufikia masika ya 2021 kila kichwa cha msumari kilikuwa kimezungukwa na unga mweupe, na baadaye duara la kutu. Saruji nayo ilikuwa imeachana na bati kwa ufa mwembamba ulionyooka kutoka mwanzo hadi mwisho. Sababu ya ufa ule si uvivu wa fundi. Bati la chuma la mita 3 likipata tofauti ya joto ya nyuzi 40, jambo ambalo hapa kwetu hutokea kati ya alfajiri na saa saba mchana, hurefuka kwa zaidi kidogo ya milimita 1, kisha jioni hurudi. Saruji haiwezi kurefuka pamoja nalo, basi hupasuka; na msumari wa bati, ukivutwa na kurudishwa hivyo kila siku, hulegea katika mbao na kuinua kichwa.

Fundi wa pili aliamini lami. Alichemsha lami, akachovya vipande vya gunia, akavilaza juu ya maungio ya mabati, na kwa majuma matatu ya kiangazi nilijiona mtu mwenye busara. Kisha jua lililainisha lami ikateleza kuelekea chini, ikakusanyika katika mabonde ya bati na kuganda kama vizuizi vidogo. Mvua za vuli ziliponyesha, maji yaliyokuwa yakishuka polepole sasa yalisimama kabisa nyuma ya vizuizi hivyo, yakapanda hadi kupita juu ya ukingo wa bati la chini, na tukaanza kuvujiwa mahali ambapo hapakuwahi kuvuja. Ubaya mwingine wa lami ni kwamba inaficha. Baada ya kupakwa, hakuna anayeweza kuona tena tundu liko wapi, na anayekuja baadaye hulazimika kukisia.

Mara ya tatu nilijaribu mwenyewe. Nilikata vipande vya duara kutoka kwenye tyubu ya gari, nikang'oa misumari iliyolegea, nikaipigilia upya ikiwa na vipande hivyo chini ya kofia zake. Ni ufundi wa zamani ambao kila nyumba ya uswahilini inaujua, na wengine hutumia hata ndara zilizokatika. Haukuwa upuuzi, ulipunguza matone kwa msimu mmoja. Raba ya tyubu, hata hivyo, haikutengenezwa ili ikae juani mwaka mzima, na baadhi ya misumari ilikuwa imepigwa na mjenzi wa awali katika bonde la bati badala ya mgongoni, yaani pale pale maji yanapopita. Msumari wa mgongoni ukilegea hupitisha tone. Wa bondeni hupitisha mfereji.

Hadi hapo nilikuwa nimetumia shilingi 230,000, na kampuni moja ya ujenzi niliyoiomba makadirio iliniambia nifumue paa lote na kujenga jipya kwa shilingi 1,600,000. Sikuwa nazo, na kama ningekuwa nazo zingekwenda ada.

Aliyenitoa katika hali hiyo ni mzee mmoja jirani yetu, seremala ambaye alikwisha kuacha kupanda mapaa kwa sababu ya magoti. Siku moja ya Juni 2022 alinikuta nimesimama chini ya banda nikitazama juu. Nilipomwamkia, aliitikia, akatazama ndoo, akaniuliza: "Mwalimu, umewahi kuona maji yanapita wapi, au umekuwa ukiangalia ndoo tu?"

Alinifundisha namna ya kutafuta. Kwanza tulifunga lango saa sita mchana na kuziba upenyo chini yake kwa gunia, tukasubiri macho yazoee giza. Matundu ya misumari yalionekana kama nyota. Niliyahesabu yakafika 31, na kila moja nilichora duara la chaki kwenye mbao iliyo karibu. Halafu nilichora alama nyingine sakafuni kila mahali palipokuwa na doa la matone. Yalikuwa madoa 9. Madoa manne tu ndiyo yaliyokuwa chini ya tundu. Mengine matano yalikuwa chini ya bati zima lisilo na kasoro yoyote.

Mzee hakushangaa. Alieleza kuwa maji yakiingia hutambaa chini ya bati mpaka yakutane na papi, yaani mbao ya kulala inayobeba mabati, kisha hufuata papi hiyo kuelekea mahali ilipopinda, na yanaweza kwenda mita moja au mbili kabla ya kuachia. Kwa hiyo hatua ya pili ilikuwa kumwagia paa maji kwa ndoo ya kumwagilia bustani, tukianzia chini kabisa na kupanda kidogo kidogo, huku mwanangu akiwa ndani na tochi. Kuanzia chini ni lazima, kwa sababu ukianzia juu maji yatashuka yakapita kila tundu na hutajua ni lipi lililoingiza. Kila eneo tulilipa dakika kumi. Sehemu ya chini haikuingiza kitu. Tulipofika pale vipande vifupi vya bati vinapoungana na mabati marefu ya juu, mwanangu alipiga kelele kabla sijamaliza ndoo ya kwanza.

Hapo ndipo palipokuwa na mlango wa maji. Mjenzi alikuwa ametumia mabati ya mita 3 na kuongezea vipande vya mita 1.4 upande wa chini, na mabati hayo yalipandana kwa sentimita 10 tu. Katika paa lenye mwinuko mkubwa pengine sentimita hizo zingetosha. Katika paa lililolala, maji hayana haraka. Hukaa kwenye ule mwanya mwembamba kati ya bati na bati, na mwanya huo huyanyonya kwenda juu, kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa, mpaka yakafika ukingo wa ndani na kudondokea humo. Hakuna tundu la kuziba. Ndiyo maana silikoni, lami na tyubu vyote vilipita pembeni ya ugonjwa.

Jambo la pili mzee aliliona akiwa ameketi kwenye stuli, bila kupanda popote. Paa la nyumba halikuwa na gata upande ule. Maji yote ya upande mmoja wa nyumba, ambao ni kama mita za mraba 40, yalikuwa yakimwagika juu ya banda. Nilifanya hesabu usiku ule kwa kalamu: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua kubwa ya milimita 50 ingeleta juu ya banda lita 1,200 za kwake lenyewe, na lita 2,000 za nyumba. Kwa miaka miwili nilikuwa nikidai paa la mita za mraba 24 lihimili mvua ya mita za mraba 64, tena likiwa limelala.

Tulianza basi na gata, kabla ya kugusa bati hata moja. Gata la mita 6 lenye bomba la kushushia hadi kwenye tangi liligharimu, pamoja na vishikizo vyake, shilingi 70,000, na kama ningelazimika kuchagua kitu kimoja tu katika kazi nzima ningechagua hilo. Natoa angalizo dogo kwa wakazi wenzangu wa Mwanza: gata la hapa halizibwi na majani tu. Korongo na mwewe huleta mapanki, yaani mifupa na vichwa vya samaki vinavyobaki baada ya minofu kuondolewa, kutoka kwenye magulio ya samaki na kuyaachia juu ya mapaa, na fuvu moja la sangara likikaa kwenye mdomo wa bomba hugeuza gata zima kuwa beseni. Niliweka wavu wa nyaya mdomoni mwa bomba, na huwa naukagua kabla ya vuli na kabla ya masika.

Mteremko ulikuwa kitendawili zaidi. Kwa mabati ya migongo midogo, kwa kawaida hutakiwa mteremko wa nyuzi 10 au zaidi; sisi tulikuwa na nyuzi 3. Ncha ya juu isingeweza kupandishwa, kwa kuwa ilikuwa tayari imegusa ukingo wa paa la nyumba. Nilifikiria kushusha sakafu ili kupata nafasi, mzee akacheka na kugonga chini kwa fimbo: ni jabali tupu. Ndipo aliponiuliza ukuta wa upande wa chini una kimo gani. Ulikuwa na mita 2.4. Pikapu haifiki mita 1.9, na lango, ambalo liko upande mwingine, lina mita 2. Kwa nini basi ukuta ule uwe mrefu hivyo? Tuliondoa kozi moja ya tofali juu yake, yaani sentimita 23, na papo hapo mwanguko wa paa ukawa sentimita 43 badala ya 20, sawa na nyuzi 6 hivi. Kozi hiyo haikunigharimu mfuko hata mmoja wa saruji zaidi ya kiasi kidogo cha kulainisha juu ya ukuta na kushika mbao upya, na tofali tulizozipata zimejenga jiko la nje. Kila niliyemwomba ushauri kabla ya hapo alikuwa akitazama namna ya kuinua.

Nyuzi 6 bado ni chini ya zinazotakiwa, kwa hiyo maungio yalipaswa kufanya kazi ya ziada. Mabati 10 ya juu yalikuwa bado mazima, tukayahifadhi. Vipande vya chini vilikuwa vimeoza kingoni, na badala yake nilinunua mabati 5 mapya ya mita 3, geji 28, nikayakata kila moja vipande viwili vya mita 1.5. Wasiojua wakumbuke kuwa katika geji namba ikipanda bati huwa jembamba, na geji 32 unayouziwa kwa bei ya kuvutia utaijutia siku utakapoikanyaga. Kwa vipimo hivyo mabati yalipandana kwa sentimita 25. Vipande vya chini vilitangulia, na kabla ya kulaza bati la juu tulibandika mistari miwili ya utepe wa lami ndani ya mpandano, mmoja karibu na ukingo wa juu na mwingine karibu na ukingo wa chini. Utepe ukiwa katikati ya mabati mawili jua haliuoni, na hauteleziki kama ile lami ya gunia. Ubavuni, kila bati lilipanda jirani yake kwa mgongo mmoja na nusu, na ukingo ulio wazi ukaelekezwa mbali na ziwa, maana mvua yetu ya upepo hutoka ziwani.

Misumari hatukuirudisha. Tulitumia skrubu zenye washa za raba, zilizo nene kidogo kuliko misumari ya zamani, na kwa kuwa papi zilibaki katika nafasi zake tuliweza kuzipitisha katika matundu yale yale ya mgongoni, hivyo tundu la zamani likawa limezibwa na skrubu mpya. Matundu ya bondeni tuliyasugua kutu na kuyabandika kiraka cha utepe pande zote mbili. Katika kukaza skrubu nilijifunza kuwa nguvu si sifa: raba ikianza kuchungulia kidogo pembeni ya washa, hapo inatosha, ukiendelea, raba hupasuka na bati hubonyea, na maji hukaa kwenye huo mbonyeo.

Mwishoni mwa juu, kila bonde la bati tulilikunja kwenda juu kwa koleo ili upepo usiweze kusukuma maji yakaingia ndani ya ukuta. Kwenye ukuta wa nyumba tulichonga kwa tindo mfereji wa kina cha sentimita 3, tukaingiza ukingo wa bati bapa lililokunjwa, tukalishika kwa saruji ndani ya ukuta peke yake. Sehemu yake ya chini inalala huru juu ya mabati kwa sentimita 15, bila kufungwa. Bati la paa linaweza kurefuka na kurudi chini yake lipendavyo.

Nilikosea mara moja katika kazi hiyo, nayo sikuambiwa na mtu. Kijana aliyenisaidia alikata vipande kwa grainda akiwa juu ya paa, na cheche zikanyunyiza chembe za chuma juu ya mabati mapya. Hatukuzifagia. Baada ya umande wa siku mbili bati jipya lilikuwa na madoa ya kahawia kama ngozi ya chui, na nilitumia Jumamosi nzima kuyasugua. Vipande vilivyobaki tulivikata chini, kwa mkasi wa bati. Juu ya paa tulitembea kwenye ubao uliolazwa kuvuka papi, tulianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na saa tano tulishuka, kwa kuwa baada ya hapo bati huunguza kiganja.

Gharama yote, pamoja na siku tatu za ufundi kwa shilingi 120,000, ilikuwa shilingi 488,000. Mzee hakukubali malipo. Alikubali debe la dagaa, akataka wale wakavu hasa, si wale wa bandani.

Mvua ya kwanza ya vuli ilikuja usiku mmoja wa Oktoba, na radi ikitokea ziwani. Niliamka, nikachukua tochi na kigoda, nikaenda kukaa bandani. Kelele juu ya mabati ilikuwa kubwa kiasi kwamba nisingesikia tone, kwa hiyo nilimulika papi moja baada ya nyingine. Katika kona ya kaskazini kulikuwa na unyevu, na asubuhi nilipopanda nilikuta skrubu moja haikushika mbao, imepita pembeni. Niliisogeza. Siku chache baadaye, asubuhi isiyo na mvua, niliona matone yamejipanga chini ya bati lote nikakata tamaa kwa muda wa dakika kumi, mpaka mzee alipokuja na kupitisha kidole: yalikuwa sawasawa kila mahali, madogo, na hayakuwa na njia. Ulikuwa umande wa hewa ya ziwa uliogandia bati la baridi. Tuliacha nafasi ya sentimita chache juu ya ukuta, tukaweka wavu, na hewa ikapita.

Mke wangu hakushawishika kwa maneno. Alisubiri vuli nzima ipite, akaingia na kupapasa sakafu kona zote nne, na Januari magunia ya dagaa yalirudi bandani, juu ya chaga.